Mwaka Zamfira Alipoatamia Mayai ya Bata

Kiwanda cha kushona mashati kilipofungwa kule mjini, wanawake wa kijiji chetu walifanya kama walivyofanya wenzao wa vijiji vyote vya kando ya mto Danube: walifunga mizigo wakaenda Italia kulea wazee wa watu. Waliondoka mmoja mmoja kwa basi la Jumamosi, kila mmoja na soseji zake na chupa ya pombe ya plamu ya kumshukuru aliyemtafutia kazi. Baridi ilipokwisha, katika mtaa wetu wa juu alikuwa amebaki mshonaji mmoja tu, Zamfira.

Si kwamba alikosa nafasi. Dada yake mkubwa, Steliana, alikuwa ameishi Bologna miaka mingi, na alikuwa amempatia bibi mmoja wa kuogeshwa, kulishwa na kusukumwa kwenye kiti cha magurudumu. Familia ya yule bibi ilikubali kusubiri hadi Pentekoste, basi.

"Mdogo wangu, unangoja nini huko?" Steliana alimuuliza kwenye simu. "Kuna nini kijijini? Matope na mama mkwe."

"Na bata," Zamfira akajibu.

"Bata gani? Si wale wanne wa uani?"

"Wataongezeka."

Steliana alicheka mpaka akakohoa. Zamfira hakucheka. Alikuwa mjane, mwembamba, asiye na maneno mengi, na jambo akiliingiza kichwani halitoki. Mumewe, Ilarion, alikwenda ughaibuni kujenga majumba ya watu, akarejea ndani ya sanduku. Zamfira hakuwahi kusema kwamba hiyo ndiyo sababu ya kutotaka kusafiri. Ukimuuliza, alikwambia habari za bata. Mjini watu walikuwa wanatafuta bata wa kuchoma na kabichi kila sikukuu na hawawapati, maana waliokuwa wakiwafuga wamekwenda Italia.

Alinunua mashine ya kutotolea kwa Gavril mwenye duka. Lilikuwa sanduku la mbao lenye kifuniko cha kioo, taa ndani, feni ndogo na kipimajoto. Aliliweka jikoni, juu ya meza iliyo kando ya jiko la kuni, mahali ambapo mama mkwe wake, Paraschiva, alikuwa amezoea kukandia unga.

"Sasa mkate nitakandia wapi, mapajani?" bibi kizee aliuliza.

"Tutakandia kwenye meza ya uani, mama."

"Mayai hayaatamiwi na taa. Mashine haina tumbo. Bora uende tu Italia. Mimi nitakufa vizuri bila kuangaliwa na mtu."

Hivyo ndivyo alivyokuwa Paraschiva. Hakuna asubuhi aliyoamka bila kumwambia mke wa mwanawe aende zake.

Zamfira alikusanya mayai ya bata wake, mengine akapewa na majirani. Akayageuza asubuhi, mchana na jioni. Wiki ya kwanza ilipokwisha alifunga mapazia, akayamulika yai moja moja kwa tochi, na ndani ya karibu kila yai akaona mishipa myembamba imetanda kama mizizi, na katikati kidoa kinachorukaruka. Alimwita mama mkwe wake aje aone. Paraschiva alitazama, kisha akasema ana viazi motoni.

Vifaranga walitakiwa kutoka wiki ya Pasaka. Wanawake wachache waliosalia walikuwa wakichemsha mayai ya kuku na kuyapaka rangi nyekundu, na Zamfira alikuwa ameegemea kioo cha mashine, anasubiri. Hakuna ganda lililopasuka. Siku ya kutoka ikapita, na nyingine, na nyingine tena. Mwishowe akachukua yai moja akalivunja polepole. Ndani mlikuwa na kifaranga kamili, chenye mdomo, kucha na manyoya ya manjano. Kimekufa. Utando wa ndani ulikuwa umekauka ukakiganda mwilini kama karatasi iliyobandikwa kwa gundi. Akavunja la pili, la tatu. Wote walikuwa hivyo hivyo.

Aliwazika nyuma ya zizi, akanawa mikono, akaenda dukani kununua chumvi. Habari zilikuwa zimemtangulia. Gavril alikuwa amesimama nyuma ya kaunta na wanaume wawili wanaokunywa bia.

"Jirani," Gavril akamwambia, "wenzio siku hizi wanakwenda Italia bila viza. Wewe viza umejaza ndoo nzima, na bado umekaa."

Wanaume wakacheka. Zamfira akaweka chumvi yake kwenye kikapu.

"Mashine ni yako, Gavril. Ulishawahi kutotoa kitu humo?"

"Mimi? Niliitumia kukaushia uyoga."

"Na ulikauka?"

"Vizuri sana."

"Basi," Zamfira akasema, "hilo nilitaka kulijua." Akaondoka.

Kuanzia kesho yake, watu walimwona amekaa kwenye kigoda uani kwa jirani yake Marghiola, asubuhi nzima, akitazama rundo la kuni. Chini ya kuni hizo bata wa Marghiola alikuwa anaatamia. Marghiola alimletea kahawa akamuuliza kama ni mgonjwa.

"Namwangalia huyu. Nina mwalimu gani mwingine?"

Bata yule alikaa, akakaa. Kisha akasimama, akavuta manyoya yake akayafunika mayai, akaenda zake kwenye mtaro wa maji. Zamfira akamfuata kwa mbali. Bata akaogelea, akala magugu ya majini, akajinyoosha, hana haraka hata kidogo, huku mayai yake yanapoa kule chini ya kuni. Aliporudi, tumbo lilikuwa linachuruzika maji. Na kwa tumbo hilo hilo lililolowa akayakalia mayai.

Zamfira alisimama ghafla kama aliyeumwa na nyuki, akaenda nyumbani.

"Mama, yanataka kupoa kila siku. Na yanataka maji. Sisi tuliyakausha kama uyoga."

"Maji huozesha yai," Paraschiva alisema.

"Nani kasema?"

"Mama yangu. Alikuwa akiatamisha mayai ya bata kwa kuku, na hakuna tone lililoyagusa."

"Na walitoka wangapi?"

Paraschiva akaendelea kumenya kitunguu. Baada ya muda akasema, "Wachache."

Sasa tatizo likawa mayai. Majirani waliokuwa wamempa safari ya kwanza walimkatalia, mmoja akamwambia wazi kwamba hakufuga bata ili wakazikwe kwa Zamfira. Bata wake wanne peke yao hawakutosha. Basi akajifunga kitambaa kichwani, akachukua kikapu chenye pumba za kulaza mayai, akaenda kwa miguu kuyanunua kijiji cha ng'ambo ya kinamasi, ambako hakuna aliyemfahamu. Mwenye mkokoteni wa farasi alitaka kumpa lifti wakati wa kurudi, naye akakataa, kwa hofu kwamba mtikiso ungeharibu mayai. Akatembea na mzigo wake pole pole, kama anayebeba maji bila kifuniko. Alifika jioni, na usiku huo huo mashine ikawashwa.

Alihesabu, akaona vifaranga wangetoka karibu na Pentekoste. Steliana alipopiga simu, alimwambia hivyo.

"Na wasipotoka?"

"Wasipotoka nitapanda basi."

Alisema hivyo jikoni, na Paraschiva alikuwepo. Bibi kizee aliinuka akatoka nje, akakaa kwenye benchi la barabarani mpaka supu ikapoa.

Safari hii kazi ilikuwa nyingine kabisa. Kila siku, baada ya wiki ya kwanza, Zamfira alifungua kifuniko, akayaacha mayai yapoe, akawa analichukua moja na kuligusisha kope la jicho. Likiwa si la moto wala si la baridi, basi limetosha. Kisha akayanyunyizia maji ya uvuguvugu kwa ile chupa ya kusafishia madirisha, akafunika. Mkononi hakuwa na saa. Alikuwa na kope lake tu, na subira. Paraschiva alipita nyuma yake akinung'unika kwamba sasa wataoza wote, nyumba itanuka, padri hataingia kubariki. Zamfira aliendelea kunyunyizia.

Alhamisi kabla ya Pentekoste, mchana, yai moja lilionyesha ufa wenye umbo la nyota. Zamfira aliinamisha sikio juu ya kioo akasikia ndani yake sauti ya kugonga, tik, tik, na kilio chembamba. Bado alikuwa ameinama hivyo upepo ulipoanza. Mawingu yalitoka upande wa mto, meusi, na mvua ikaja kwa mshazari. Miti ya mjozi ilikuwa ikipinda. Kisha ukasikika mlio mkubwa barabarani, na taa ya mashine ikazimika. Feni ikazunguka kidogo, ikasimama.

Gavril alikuja mbio na koti kichwani. "Nguzo imeanguka karibu na kanisa. Nimewapigia simu wa umeme. Wanasema nguzo zimeanguka mpaka kituo cha treni, sisi tungoje zamu." Akaitazama mashine, akaona ule ufa. Safari hii hakufanya utani. "Nikusaidie nini, jirani?"

"Kuni. Zangu zimelowa."

Gavril akatoka. Zamfira akawasha jiko kwa kuni zilizobaki ndani, akatia sufuria zote maji. Akayamimina kwenye chupa, akazifunga kwa soksi na vitambaa, akazipanga kuzunguka mayai. Kisha akatafuta cha kufunikia. Blanketi la sufu lilikuwa zito mno, mayai yangekosa hewa.

Paraschiva, aliyekuwa amekaa kona yake, aliinuka akaenda chumbani. Akarudi amebeba lihafu lake la harusi, lile la manyoya laini ya bata, ambalo halikuwa limetoka sandukuni tangu mazishi ya mwanawe.

"Hili ni jepesi," akasema. "Linashika joto na linapumua."

Wakalifunika sanduku pamoja. Kisha bibi kizee akavuta kiti, akaingiza mkono chini ya lihafu, akauacha humo juu ya mayai.

"Chupa ya upande huu imepoa," akasema baadaye. "Badilisha."

Mchana wote walifanya hivyo. Gavril alileta kuni kavu mara mbili. Zamfira alichemsha na kumimina, Paraschiva alipima kwa mkono. Mvua ilipopungua, Zamfira alikaa karibu naye.

"Mama, mbona unanisaidia? Kila siku unaniambia niende."

Paraschiva hakutoa mkono chini ya lihafu.

"Ulitaka nikuombe ubaki? Ilarion nilimwomba. Nilimshika koti pale mlangoni, mbele ya watu. Akaniondoa vidole kimoja kimoja, kwa upole, akaenda." Akalirekebisha lihafu kwa mkono wa pili. "Sikutaka kuomba tena. Nikaona bora nikufukuze mwenyewe."

Zamfira aliinuka akaleta chupa nyingine ya moto, akaisukuma karibu na mkono wa mama mkwe wake.

"Mama, humu ndani hakuna aliyetaka kwenda," akasema mwishowe.

"Basi sema mapema siku nyingine," Paraschiva akajibu.

Umeme ulirudi kabla ya giza kuingia. Kifaranga wa kwanza alitoka Ijumaa asubuhi, amelowa, mbaya wa sura, akaanguka kifudifudi juu ya yai la mwenzake akalala. Baada yake ganda lilipasuka huku, likapasuka kule. Wengine walihangaika sana, na Zamfira alijifunga mikono nyuma ili asiwavute, maana anayevutwa kabla ya wakati hutoka damu. Mayai kadhaa hayakutoa kitu, na vifaranga wawili walikufa baada ya kutoka. Lakini Jumamosi jioni, jikoni kwa Zamfira, zaidi ya nusu ya mayai yote yalikuwa yamegeuka kelele. Paraschiva aliwakatia mayai ya kuchemsha na majani machanga ya nettle, yale magugu yanayowasha, akawa anawagombeza kwa kukanyaga chakula.

Jumapili ya Pentekoste, matawi ya mjozi yakiwa yamepachikwa mlangoni kama desturi ya sikukuu, Zamfira alimpigia dada yake.

"Siji, dada. Mpe mwingine nafasi hiyo."

"Nimekutafutia kwa jasho, Zamfira. Nimekudhamini kwa watu."

"Najua. Nakushukuru, na unisamehe. Ila siji."

"Umechagua matope."

"Nimeyachagua."

Steliana alikata simu. Hakupiga tena mpaka msimu wa kukata nyasi, na hilo lilimuuma Zamfira kuliko alivyoonyesha. Nafasi alipewa mwanamke wa kijiji kingine. Mashine haikupoa, ilijazwa tena mara tu iliposafishwa.

Mwezi wa Agosti Steliana alikuja likizo. Alikaa uani na viatu vyake vyeupe, akawatazama bata waliojaa mtaroni mpaka kwenye daraja.

"Wananuka," akasema.

"Wananuka," Zamfira akakubali, akamwekea ugali na jibini.

Wakila, Paraschiva alimuuliza Steliana habari za magoti yake, naye akasema yanauma, ngazi za Bologna ni nyingi. Baadaye wingu lilijikusanya upande wa mto. Zamfira alichukua fimbo kwenda kuwarudisha bata, lakini walikuwa wametawanyika, wengine huku, wengine kule. Steliana aliwatazama kidogo. Kisha akavua viatu, akakunja sketi, akaingia mtaroni upande wa pili ili awasukume kuja kwa mdogo wake.