Mgongo wa Kamanda Ocira

Mume wangu Ocira hapendi mtu akae nyuma yake. Kanisani ni benchi la mwisho, mgongo ukutani. Kwa kinyozi hakai mpaka aone mlango kwenye kioo. Nimemcheka miaka yote ya ndoa yetu, na nimempenda hivyo hivyo, maana najua tabia hiyo aliitoa wapi. Alikuwa kamanda wa waasi kule kaskazini, na siku walipovunjwa, risasi zilitokea nyuma. Baadaye alipata msamaha, tukahamia mjini, mtaa wa Bukoto.

Sasa wazimu gani ulimwingia hata akagombea uenyekiti wa mtaa, mimi sijui. Anasema waliobomoa nao wajenge. Maneno matamu, lakini uchaguzi wetu wa mtaa hauna karatasi. Mgombea anasimama uwanjani akitazama mbele, wapiga kura wanapanga mstari nyuma yake. Nyuma!

"Baba Aryemo," nikamwambia, "nipe picha yako nisimame nayo mimi. Inaruhusiwa."

Kamis alikuwa sebuleni akinywa chai yangu kama kawaida. Ni Mnubi mwenye Kiswahili cha kambini, sajini mstaafu wa jeshi la serikali. Mguu wake wa kushoto unaburuta tangu vita vile vile, na aliyempiga alitoka kwenye kikosi cha mume wangu. Wawili hawa hutaniana mpaka chai inapoa, ila kuhusu mguu ule hawajawahi kusema lolote.

"Mpe mama picha," Kamis akasema. "Mwenyekiti gani iko ogopa watu yake?"

"Na wewe utapanga kwa nani?" Ocira akauliza. Safari hii hakuwa anatania.

"Mimi itaona hiyo siku." Akaweka kikombe, akaenda zake.

"Huyo akija," Ocira akaniambia, "hata nikishindwa, basi."

Siku yenyewe alisimama mwenyewe, jasho likimtiririka shingoni. Kila nyayo zilipokaribia, shingo ilitaka kugeuka. Mimi, wa kwanza mstarini, nilimnong'oneza: "Ni Jalia wa mboga. Ni Zubairi wa bodaboda." Kamis alikuwa kando, ameegemea ukuta, mikono kifuani. Nilimchukia asubuhi ile, na chai yangu yote aliyokunywa.

Kisha nikasikia mguu unaburutwa kwenye changarawe. Nikataka kumwambia ni nani, Ocira akainua mkono ninyamaze. Kamis aliupita mstari mzima, akanisukuma kwa kiwiko bila hata samahani, akasimama pale pale mgongoni kwa mume wangu.

"Afande," akasema, "mimi iko nyuma yako."

Ocira hakugeuka.

Alishindwa, tena vibaya. Mstari wa mpinzani wake ulifika barabarani. Tulirudi nyumbani watatu, Kamis akimkumbusha njia nzima kwamba sasa ameshindwa mara mbili, na Ocira akicheka mpaka akakohoa. Nilipotoka jikoni na maji ya kunawa, nilimkuta Ocira amekaa kwenye kiti changu, kile ambacho hajawahi kukikalia, anakunywa chai, na mlango uko wazi nyuma yake.