Kwenda Kutoa Pole Loiyangalani

Bathsheba alipomwambia Clifford ampeleke Loiyangalani, Clifford alidhani ni mahali karibu na Oyugis. Kwa miaka sita alikuwa bodaboda wake wa kila siku ya soko pale Rodi Kopany. Akasema sawa, akauliza kama watarudi jioni.

"Ni siku nne kwenda," Bathsheba akasema. "Basi hunitapisha. Halafu wewe nakujua. Dereva wa basi simjui."

Clifford akaenda kubadilisha tairi zote mbili.

Huko kaskazini, kando ya Ziwa Turkana, alikuwako dada yake Bathsheba, Lynnet, muuguzi aliyepelekwa huko kikazi zamani akaolewa na mvuvi Mturkana, Ekai. Ekai alifariki miaka miwili iliyopita, na hakuna mtu wa nyumbani aliyekwenda kumzika. Bathsheba alikusudia kuingia kwenye boma la Ekai akilia kwa sauti, kama mila ya Kijaluo inavyotaka.

Hadi Maralal ilikuwa lami. Baada ya Baragoi ikawa mchanga, na kwenye mchanga walianguka mara tatu. Mara ya tatu Bathsheba alibaki amelala chali.

"Umeumia, mama?"

"Hapana. Napumzika, kwa vile nimeshafika huku chini."

Kisha akavua viatu, akatangulia kwa miguu, Clifford akimfuata kwa gia ya kwanza. Ngamia sita wakawapita.

Mchana wa siku ya nne waliteremka katikati ya mawe meusi, upepo ukiisukuma pikipiki kando, wakaliona ziwa. Langoni kwa Lynnet, Bathsheba alifungua mdomo ili alie. Upepo ukaujaza mchanga. Alikohoa mpaka Lynnet akatoka na kikombe cha maji.

"Umechelewa miaka miwili," Lynnet akasema.

"Barabara ni mbaya."

Lynnet aliitazama sketi ya dada yake iliyochanika, na magoti yaliyochubuka. "Mimi pia sikuja nyumbani kumzika mama."

"Hukuja."

"Barabara ni mbaya."

Hapo wakashikana, na kilio kikaja chenyewe, tofauti na kile Bathsheba alichokuwa amekiandaa. Walikaa kando ya kaburi la Ekai, ambalo ni rundo la mawe, mpaka jua likashuka. Clifford alilala, akaamka kesho yake saa sita mchana.

Siku ya tatu ya kukaa huko aliwasha pikipiki ili warudi. Aliyetoka nje amevaa jaketi na helmeti ya Bathsheba alikuwa Lynnet.

"Nataka kuona mahali mama alizikwa," akasema.

"Na mbuzi?" Clifford akauliza. Lynnet alikuwa nao ishirini na watatu.

Bathsheba alikuwa tayari ameshika fimbo. "Mtu lazima abaki nao," akasema, kwa sauti ya mtu asiyewajua mbuzi.

Siku tano baadaye, nje kidogo ya Homa Bay, Lynnet alipiga magoti kwenye kaburi la mama yake, akang'oa magugu kwa mikono. Alimaliza upande mmoja, akaanza wa pili. Clifford alisimama mbali kidogo, kofia mkononi. Simu ya Lynnet ikaita.

"Yule mbuzi mweusi anakataa kukamuliwa," Bathsheba akasema.

"Muimbie," Lynnet akajibu, akijifuta macho kwa kiwiko.

"Wimbo gani?"

Lynnet akafikiri. "Wowote. Hajui Kijaluo."