Bi Ajali Azuia Ndege

Mtaani binti yangu wanamwita Bi Ajali, na jina hilo kajitafutia mwenyewe. Ni fundi wa ndege. Chuoni walimfundisha historia ya ndege zilizoanguka zikaua watu, naye akaja nayo mpaka mezani. Sahani ikitua tu, anaanza: "Mama, kuna moja walioiosha walisahau utepe kwenye matundu ya kupimia hewa, rubani asijue yuko juu kiasi gani. Hakupona mtu." Nami namkata kauli: "Tule kwanza, wewe! Maiti baadaye."

Basi dada yangu akafariki. Ndiye aliyemlea binti huyu nilipokuwa nikihangaika na cherehani mjini. Mazishi yalikuwa kesho yake mchana, na kwa barabara nisingewahi. Nikakata tiketi ya ndege ya asubuhi. Binti yangu alinyimwa ruhusa kazini. "Nizikie, Mama," aliniambia, akalia.

Uwanjani tulikaa, tukakaa. Mwishowe meneja akaja, akasema kuna bisibisi haionekani.

Bisibisi! Mimi ndiye niliyeanza kupayuka. "Nitawanunulia mbili dukani, twendeni zetu!" Watu wakacheka. "Ni nani huyo mwenye roho mbaya anayetuzuia?" nikauliza.

"Fundi wa zamu," meneja akasema. "Hataki kutia saini."

Moyo ukanilipuka: zamu ile ilikuwa ya binti yangu. Nikamfuata meneja hadi karakana, wala hakuna aliyethubutu kunizuia.

Ukutani palikuwa na ubao wa vifaa, kila kimoja kimechorewa umbo lake. Umbo moja lilikuwa tupu. Binti yangu alikuwa amelala kifudifudi ndani ya ndege, mbao za sakafu zimefunguliwa, anamulika chini kwa tochi.

"Bisibisi zimejaa humu!" meneja akafoka.

"Sikukosa bisibisi, bosi. Nataka kujua ile iko wapi."

Nikaingilia. "Mwanangu, mama yako mkubwa anazikwa mchana huu."

"Najua, Mama. Si ndiye kanilea?" Machozi yalikuwa yakimtiririka, na tochi bado inamulika.

"Basi tia saini, nifanyie mimi mama yako."

"Ikiwa imebana kwenye nyaya za usukani, rubani atavuta, ndege isimsikie. Yalishatokea, Mama. Nilikusimulia."

"Na kama haimo?"

"Nitakuwa nimewachelewesha. Nimekubali."

"Na kazi yako je?" meneja akauliza. "Hiyo nayo umekubali?"

"Hata kazi."

Lo! Sijui nini kilinipanda kichwani. Nilikuja kumwomba mwanangu, nikajikuta namgeukia meneja. "We baba, koma! Huyu hatikisiki kwa mamaye mzazi, atatikiswa na wewe?"

Nikarudi ukumbini, watu wakiwa wanatukana, nikasimama mbele yao. Nikawasimulia ndege ya utepe, na ya nati iliyolegea, na ya mlango uliofungwa kwa haraka. Hadithi zote nilizojidai sizisikii zilinitoka moja baada ya nyingine, kwa mpangilio kabisa. Ukumbi ukatulia. Mzee mmoja akaniuliza nimesoma wapi hayo. "Nimelishwa mezani," nikamjibu, kifua mbele.

Alasiri bisibisi ikapatikana. Ilikuwa kwenye mfuko wa ovaroli ya fundi wa zamu iliyopita, imetundikwa nyuma ya mlango wa nyumbani kwake. Ndani ya ndege haikuwahi kuwamo. Wengine wakaguna, mmoja akacheka kwa kejeli. Saa hizo dada yangu alikuwa ameshafukiwa.

Binti yangu akaja ukumbini, mikono myeusi kwa grisi, macho yamevimba. "Nisamehe, Mama. Nimekukosesha mazishi bure."

"Bure?" Nilipaza sauti ili ukumbi mzima usikie, huku nikimfuta uso kwa kanga yangu. "Kaitie saini ndege yako, mwanangu, nipande. Nataka nikamwambie dada yangu kaburini kwake kwamba alilea mtu."