Gauni Lisiloshikwa

Zamani maonyesho ya nyumba ya mitindo ya Delmotte yalifanyika sebuleni kwao, Paris, bila muziki. Ghislaine Vautrin, mwanamitindo wao, aliingia na kadi ya namba ya gauni mkononi, akitembea polepole, na mnunuzi akinyoosha mkono, yeye alisimama. Mnunuzi alipapasa kitambaa, akafunua pindo, akakagua bitana, kisha akamruhusu aendelee. Hakuna aliyemtazama usoni, naye wala hakujali. Walichokishika kilikuwa kazi ya watu, na kazi ile ilikuwa ya kushikwa.

Sasa alikuwa bibi wa miaka themanini na ushee, na kwa miaka arobaini nyumba hiyo haikumjulia hali. Ghafla akapata mwaliko: Delmotte inasherehekea miaka mia, na lile gauni la sufu ya kijivu, ambalo enzi zile lilivaliwa na yeye peke yake, limeshonwa upya. Usingizi ukamruka. Alitaka kitu kimoja tu, kulishika tena kabla hajafa.

Maonyesho yenyewe yalikuwa kwenye karakana kuukuu ya treni, moshi wa mashine kila mahali na ngoma za kupasua masikio. Corentin, kijana wa matangazo, alimkalisha mstari wa mbele, kando ya binti aliyekuwa anajipiga picha.

"Wewe ni bibi wa nani?" binti aliuliza, macho kwenye simu.

"Sina mjukuu. Nilikuwa mwanamitindo wa nyumba hii."

"Weee! Kumbe siku hizi wanawafukua?"

Ghislaine alitamani kumzaba kofi. Akatazama mbele.

Wasichana walipita mbiombio kama wanaowahi basi. Halafu likaja la kijivu. Moyo ukamlipuka, na mkono ukanyooka wenyewe, ukalishika pindo na kulifunua. Alisubiri msichana asimame, maana ndivyo ilivyokuwa. Msichana hakusimama. Gauni likachanika mgongoni, pini zikamwagika, msichana akapepesuka, na simu zote zikainuliwa.

Lakini vidole vya Ghislaine vilishajua. Haikuwa sufu. Kilikuwa kitu cha kuteleza kama mfuko wa dukani, na ndani hamkuwa na bitana. Machozi yakamtoka palepale, ya hasira zaidi kuliko ya aibu.

Maonyesho yalipokwisha, Corentin alimjia akikimbia.

"Nisamehe, mwanangu," Ghislaine alisema. "Sisi tulikuwa tunasimama."

"Nikusamehe nini, bibi? Umetubeba! Dunia nzima inakutazama wewe, inacheka mpaka basi!"

"Na gauni lenyewe litauzwa lini?"

"Lile? Nani atalivaa lile, bibi yangu? Limeshonwa kwa ajili ya picha. Sisi tunauza manukato."

Ghislaine akajifuta machozi.

"Sasa sikia," Corentin akachutama mbele yake. "Msimu ujao uje tena. Utavuta vilevile, ila safari hii tutalilegeza mapema, lichanike vizuri."

Alitaka kumtemea mate. Alitaka kuinuka, kuondoka, asikanyage tena mahali pao. Akawaza chumba chake, na simu yake isiyolia. Akajichukia kabla hata hajafungua mdomo.

"Nitakaa mstari wa mbele?"

"Wa mbele kabisa."

Ghislaine akaitazama mikono yake.

"Nivute kwa mkono upi?"