Kware Waliosoma Kibao

Jumamosi ya kwanza yenye joto mwezi wa Mei, Marlys Hruska alipiga magoti mbele ya nyumba yake, akachimba kishimo kwa koleo dogo, akaweka mche, akafukia. Mama yake, Arvilla, alikuwa ameketi kando kwenye kiti cha kukunja, blanketi mapajani, kikombe cha kahawa mkononi, akisimamia kazi.

“Huo umeuzamisha mno,” alisema Arvilla. “Unapanda au unazika?”

“Napanda, Mama.”

“Basi acha shingo ionekane.”

Miche yenyewe ilikuwa ya asili ya hapa Iowa, ile iliyokuwepo kabla ya jembe la kwanza: nyasi ndefu za kibuluu, maua ya zambarau yenye kitovu cha miiba kama mgongo wa nungunungu, na ule mmea wa utomvu mweupe ambao kiwavi wa kipepeo wa rangi ya chungwa hali kingine ila huo. Mbegu zake haziamki zisipoonja baridi, kwa hiyo zilikuwa zimekaa kwenye friji tangu Krismasi, ndani ya mchanga wenye unyevu, kwenye makopo ya siagi. Mwezi wa pili Arvilla alipaka kopo moja kwenye mkate. Alimaliza kipande chote, akajifuta mdomo, akasema siagi ya siku hizi imekuwa ya aina yake. Hapa kwetu hakuna tusi kubwa kuliko hilo la “aina yake.”

Mtaa wetu ulikuwa ukiitwa Mbuga ya Kware. Mbuga haikuwepo, na kware hawakuwepo. Ndiyo desturi yetu: tukishafukuza kitu, tunakiandikia kibao kizuri. Tulikuwa na Barabara ya Nyati, Njia ya Mbweha, na Kichochoro cha Kijito, ambacho kijito chake kimelazwa ndani ya bomba chini ya lami. Watu tuliowakuta hapa tuliwafanyia vivyo hivyo. Jina lao ni la timu ya mpira ya shule.

Kabla ya nyumba, palikuwa shamba la Emil, marehemu mume wa Arvilla. Aliliuza mwenyewe kwa hiari yake, kisha akanunua nyumba ya kwanza iliyojengwa juu yake, na mpaka anakufa alikuwa akiamka asubuhi na kwenda kukamua ng’ombe kwenye gereji.

Arvilla sasa alikuwa na haja moja tu duniani. Daktari wa moyo alimshauri, kwa ule upole wa madaktari, asijisumbue kununua koti la majira yajayo ya baridi. Yeye akajibu kwamba makoti anayo tele, ila angependa kumsikia kware dume akiita, kama alivyomwamsha usingizini kila alfajiri alipokuwa bibi harusi. Tatizo ni kwamba kware dume haiti ovyo. Huita akishaziona nyasi za kutosha kumficha mke na mayai. Katika mtaa mzima nyasi zilizokuwepo zisingeweza kumficha hata panzi mwenye aibu. Ndiyo maana Marlys, ambaye hakuwahi kupanda hata kitunguu, alikuwa amepiga magoti.

Royce Tjaden alipita akiwa na rula yake. Ndiye mwenyekiti wa chama cha wenye nyumba, na zamani alikuwa mmoja wa watoto waliopelekwa shule na basi la Arvilla, ambaye ndiye aliyekuwa akimpangusa kamasi.

“Shikamoo, Mama Hruska.”

“Marahaba. Umenenepa, Royce.”

“Ni koti, Mama.”

“Basi koti limenenepa.”

Royce alitazama miche, akatazama udongo ambako ukoka ulikuwa umeuawa kwa kufunikwa maboksi tangu majani yalipopukutika. Alitafuta neno.

“Ni bustani ya aina yake, Marlys.”

“Asante, Royce.”

“Unajua mwisho wa mwezi napima. Nyasi zikizidi shibiri moja, Jumamosi inayofuata mashine ya kukata inapita. Si mimi, ni kanuni.”

“Na kanuni aliiandika nani?” aliuliza Arvilla.

“Mimi. Lakini niliiandika nikiwa mwenyekiti.”

Wiki iliyofuata mvua ilinyesha, miche ikashika, na kware wakafika. Walikuja kwa miguu kando ya barabara kuu, wamejipanga mstari, mkubwa mbele. Walipofika kwenye lango la mtaa walisimama chini ya kibao cha jina, wakakisoma, wakatazamana, kisha wakaingia. Walipita kila nyumba wakichungulia, kama watu wanaotafuta chumba cha kupanga, wakaishia kwa Marlys. Huko walizunguka miche, wakaona bado ni mifupi, wakakaa chini kusubiri ikue. Hawakuita.

“Wanasubiri,” alisema Marlys.

“Hata mimi nasubiri,” alisema Arvilla. “Tuone nani ana moyo mgumu.”

Nyati alifika Jumatano. Alikwenda moja kwa moja kwenye kona ya Barabara ya Nyati, akasimama kando ya nguzo yenye jina hilo, akabaki hapo, anavuta pumzi. Basi la shule lilimpisha. Mbweha alishachukua njia yake tangu Jumanne, ila kwa kuwa ni mbweha hakumwambia mtu. Siku ya Alhamisi kijito kilitoka kwenye bomba kupitia mfuniko wa chuma, kikajilaza kwenye kichochoro chake, maji ya kifundoni, safi, na samaki wadogo. Mleta barua akaanza kuvaa mabuti ya mpira.

Wakazi walikuwa na malalamiko, lakini walilalamika kwa adabu. Mmoja alisema nyati anamzibia jua la asubuhi. Mwingine alisema kijito kinapiga kelele za chinichini, kama jirani anayesali. Royce alipitisha kanuni kwamba chombo chochote kisicho na namba ya usajili kisilale barabarani, akamsomea nyati. Nyati alisikiliza hadi mwisho, akajamba, akabaki pale pale.

Jambo lililowaudhi watu kweli lilikuwa chakula. Wageni wote walikula kwa Marlys tu. Kwenye nyumba nyingine lori la dawa ya magugu lilikuwa limeshapita, na kila ukoka ulikuwa umechomekewa kile kibendera kidogo cha kuonya watoto na mbwa wasikanyage mpaka pakauke. Kware walivisoma vibendera hivyo pia. Walikuwa wasomaji wazuri.

Mwisho wa mwezi Royce alipima. Nyasi za kibuluu zilikuwa zimemfika gotini. Alipima mara ya pili akiwa amechuchumaa, kwa heshima ya Mama Hruska, lakini hazikupungua.

“Jumamosi, Marlys. Samahani.”

“Kware dume anahitaji wiki mbili tu,” alisema Marlys. “Zikishafika kiunoni, ataita. Mama akishasikia, nitazikata mwenyewe kwa mkasi wa jikoni.”

“Nikikupa wiki mbili wewe, wote watataka.”

“Watataka nini? Kware?”

“Watataka wiki mbili.”

Basi Arvilla akataka mkutano. Kanuni zilimruhusu, kwa kuwa Royce alipoziandika hakufikiria kwamba kuna mtu angezisoma. Walikutana Jumapili baada ya ibada kwenye gereji ya Royce, wakakaa kwenye viti vya kukunja, sahani za kolachi zikapita, yale maandazi laini yenye plamu katikati. Kware walikaa nyuma. Nyati hakuenea, akaingiza kichwa tu, na waliokuwa karibu wakasogeza vikombe vyao.

Arvilla alisimama akishikilia bega la bintiye.

“Mimi sijui mambo mengi,” alisema. “Nimeendesha basi. Lakini najua kwamba mtu ukiandika jina lake kwenye lango lako, kwa rangi ya dhahabu, na taa ya kumulika usiku, umemwita. Hawa wameitwa. Wamekuja. Sasa mnataka kuwakata kitanda. Ama jina ni la kweli, ama rula ni ya kweli. Chagueni moja nikiwa bado nina masikio.”

Akakaa. Watu wa mtaa wetu ni waungwana, na jambo la haki wakiliona hulitambua. Mmoja baada ya mwingine walikubali kwamba Mama Hruska amesema kweli, kwamba jina na rula haviwezi kukaa nyumba moja, na kwamba ni aibu kwamba jambo hili halikuonekana mapema. Mwanamke mmoja alilia. Marlys alimbana mama yake mkono.

Kisha wakapiga kura kubadilisha jina.

Kazi ilikuwa kupata jina ambalo hakuna kitu kingeliitikia. Mtu alipendekeza Kilima cha Mialoni. Wakaona mialoni inaweza kuja, na majani yake ni kero. Mtu akapendekeza Mtaa wa Utulivu; wakahesabu watoto waliokuwa nao, wakaona huo hauwezi kuja, lakini mmoja akasema tusibahatishe. Mzee mmoja wa nyuma akauliza, je, na ile timu ya mpira ya shule? Halafu mtu akapitisha kolachi.

Mwishowe walikubaliana Makazi ya Kifahari. Barabara zikapewa namba.

“Umeshinda, Mama Hruska,” alisema Royce mlangoni, na hakuwa anatania. “Hoja yako imepita kwa kura zote.”

“Nimeona, mwanangu,” alisema Arvilla. “Sijawahi kushinda vibaya namna hii.”

Vibao viling’olewa Alhamisi. Kijito kilirudi bombani chenyewe, kikabeba gazeti la Royce. Mbweha hakuonekana akiondoka. Nyati alizunguka nguzo yenye namba mpya, akainusa, akashika barabara kuu akisoma vibao vya njiani. Inasemekana sasa yuko kwenye maegesho ya duka moja kusini mwa mji lenye jina lake, na wateja hufunga vitoroli kwenye pembe zake. Kware walijipanga mstari, mkubwa mbele, wakatoka langoni jinsi walivyoingia.

Ijumaa alasiri Marlys alimkuta mama yake amekaa kwenye kiti chake mbele ya bustani, bila blanketi.

“Mashine inakuja saa ngapi kesho?” aliuliza Arvilla.

“Asubuhi.”

“Na hizo kanuni za Royce, zinasema lolote kuhusu ndani ya nyumba?”

Marlys alifikiri. Hazikusema. Alikwenda akaufungua mlango wa mbele, akauzuia kwa kiatu.

Bustani iliingia. Nyasi za kibuluu zilitangulia, moja moja, zikiinua mizizi kama wanawake wanaoinua pindo za gauni wakivuka dimbwi, maana mizizi ya nyasi hizo ni mirefu kuliko mtu. Maua ya nungunungu yakafuata, na ule mmea wa maziwa na viwavi wake juu yake. Kila mmea ulijifuta udongo wa juu juu kwenye zulia la mlangoni. Katikati ya nyasi walikuwemo kware wawili, dume na jike, waliokuwa wamebaki nyuma na sasa wakijifanya majani. Marlys alisogeza sofa. Televisheni iliachwa ilipokuwa, kwa sababu Arvilla ana kipindi chake.

Asubuhi mashine ilikuta udongo mtupu. Royce hakuuliza; aliagiza lori, na kabla ya chakula cha mchana ukoka wa kununua ulikuwa umekunjuliwa mbele ya nyumba ya Marlys kama zulia, kijani kimoja hadi kwa jirani.

Juni ilipofika katikati, nyasi za sebuleni zilikuwa zinagusa dari. Arvilla hakutaka kulala chumbani tena. Kiti chake kilikaa mahali ambapo zamani palikuwa na meza ya kahawa, na Marlys alimfikia kwa kupasua njia kwa mikono, kikombe kikiwa juu ya kichwa. Asubuhi moja, jua likiwa limeingia kwenye pazia, kware dume alipanda juu ya televisheni, akatunisha kifua, akapiga ule mluzi wake wa sauti mbili, ya pili ikipanda kama swali.

Arvilla alifumba macho. Kware akaita tena. Na tena.

“Mama?” aliita Marlys kutoka jikoni. “Umesikia?”

“Usinipigie kelele, nasikiliza.” Akasikiliza mpaka kahawa ikapoa. “Ni yeye,” alisema. “Au ni mjukuu wa mjukuu wake. Wana makosa yale yale kwenye sauti ya pili.”

Mchana Royce alibisha dirishani. Nyuma yake lori la dawa ya magugu lilikuwa limesimama, bomba tayari. Alimpongeza Marlys kwa ukoka. Alisema umekuwa mfano kwa barabara nzima. Kware aliita ndani. Royce aliinamisha kichwa, akasikiliza hadi mwisho, uso ukawa kama wa mtoto aliyekaa kiti cha mbele kwenye basi.

“Nilikuwa nawasikia hawa,” alisema. “Nikingoja kituoni.”

“Ingia, mwanangu,” Arvilla alisema kutoka ndani ya nyasi. “Kiti kipo.”

Royce alitazama mlango, akatazama lori. Dereva alikuwa akimngoja. Akachomeka kibendera kwenye ukoka wa Marlys, akakinyoosha kikae wima.

“Siku nyingine, Mama Hruska. Fungeni dirisha, dawa inanuka.”

Marlys alifunga dirisha. Lori likaanza kunyunyiza. Kware dume aliita tena, safari hii kwa sauti ya chini, kama mpangaji ambaye ameshaonyeshwa kuta zake ni zipi.