Bamba la Leland

Kichwa cha mtu wa Arkansas kiligonga kaunta mara ya pili, haradali ikaruka hadi dirishani.

"Sema," Leland Pruitt akamwambia, amemkaba ukosi. "Nani kakupa kazi yangu?"

Ulimi wa mtu yule ulikuwa na shughuli nyingine: kutafuta lilipoangukia jino.

Alta alisimama ng'ambo ya kaunta, mwiko wa mwashi mkononi, nyama sita zikichuruza mafuta kwenye bamba la chuma mbele yake. Mgomo wa karakana ya reli ya El Reno ulikuwa umeingia mwezi wa pili, na mjini hapakuwa na nyumba iliyobaki na dirisha zima na sufuria iliyojaa kwa wakati mmoja. Kibanda hiki cha chakula, chenye stuli tano, ndicho kilichomlisha tangu boila ya treni impasukie na kumuua mumewe, kakake Leland. Bila bamba la kukaangia, kibanda kilikuwa mbao na chumvi tu.

Mwenye kibanda, Bwana Rusk, alikuwa amekwisha kujikunja chini ya sinki, mtu mzima na miwani yake. Wiki hiyo hiyo alikuwa ametamba kwamba atajenga vibanda kumi, kutoka pale hadi Tulsa, vyote vyeupe kama meno. Ndiyo maana aliwafungulia wavunja mgomo mlango. Tumbo halina chama, alisema.

"Shemeji," Alta akasema, "mwache amalize kula. Aliyeshiba hupigika vizuri zaidi."

"Usinichekeshe. Nimefuata bamba langu. Halitawapikia wasaliti."

Na kweli lilikuwa lake. Alilikata mwenyewe kutoka ubavuni mwa kichwa cha treni kilichozeeka, akalisugua siku saba, akamletea Alta baada ya mazishi kwa sababu hakujua namna ya kusema pole. Sasa alimwachilia mtu wa Arkansas, akachomeka mtaimbo aliokuja nao chini ya bamba, akainua.

Nyama zote sita ziliteleza motoni, mafuta yakamiminika yakaingia kiatuni mwa Alta. Hakuruka. Aliugeuza mwiko kwa ukingo wake mwembamba, akampiga Leland kifundo cha mkono kwa nguvu zake zote. Mfupa ukalia kama kuni kavu. Mtaimbo ukaanguka, bamba likarudi mahali pake kwa kishindo, na Leland, akitafuta pa kushika, akashika pale pasiposhikika.

Hakupiga kelele. Kina Pruitt hawapigi kelele. Ndiyo maana hufa mapema.

Alta aliingiza mwiko chini ya kiganja, akakibandua kama anavyobandua nyama, akakizamisha kwenye ndoo ya maji. Kipande cha ngozi kilibaki kwenye chuma, kikajikunja.

Wagomaji wawili wenye marungu walikuwa mlangoni.

"Umemchoma shemeji yako," mmoja akasema.

"Nimemchoma. Nani mwingine ana mkono wa ziada?"

Hawakusogea. Ndipo Alta alipoona kwamba hawakuwa wakimtazama yeye. Walikuwa wakitazama bakuli la nyama mbichi, na mashavu yao yalikuwa yameingia ndani.

Alikwangua bamba mpaka likang'aa. Nyama mbichi iliyobaki isingetosha hata mtu mmoja. Aliigawa mafungu matatu, akarundika vitunguu vilivyokatwa mpaka vikaizidi nyama kwa kimo, akaegemea mwiko kwa mikono miwili, kifua na hasira. Akagandamiza, akagandamiza tena, mpaka usingejua nyama inaishia wapi na kitunguu kinaanzia wapi.

"Vitunguu vyote hivyo?" Rusk akauliza kutoka chini ya sinki.

"Kaa huko huko."

Miaka mingi baadaye, katika vibanda kumi na vinne vya Rusk, wapishi wenye kofia za karatasi walifundishwa kugandamiza vivyo hivyo, na mwenyewe aliapa kwamba aliiota njia hiyo usingizini.

"Kesho nitalirudia bamba langu," Leland akasema, mkono ungali ndooni.

"Njoo asubuhi, likiwa baridi."

Alta alimsukumia skonzi yake yenye nyama ndani. Leland aliila kwa mkono wa kushoto, vitunguu vikimdondoka kidevuni. Stuli ya pili kutoka kwake, mtu wa Arkansas alitafuna kwa upande mmoja, damu ikiulowesha mkate. Hawakutazamana.

Mgomaji mmoja aliegemeza rungu ukutani. Alivua kofia, akaiangalia stuli tupu iliyokuwa kati ya Leland na mtu wa Arkansas, skonzi ya tatu ikiwa imewekwa mbele yake, akabaki amesimama hapo, moshi wa vitunguu ukimpita usoni.