Kanusho la Habari Isiyosomwa

Maji ya siku ile yalitoka wapi? Swali hilo lilininyima raha mwezi mzima. Waziri wa Maji alipanda kilimani, akakata utepe wa tangi jipya, akafungua bomba mbele ya kamera, na maji yakaruka mpaka yakamlowesha suruali. Mimi nilikuwepo, yakanipata na mimi. Kesho yake mitaa yote iliyoahidiwa maji iliamka na ndoo kavu, na ikaendelea kuamka hivyo. Sasa tangi lisilo na maji lilitoaje maji?

Wenzangu wa umri huu mchana wanalala. Mimi nina ugonjwa wa kuuliza, na dawa yake sijaiona. Kazini wananiita Bibi Maswali, na wakiniita hivyo wakidhani sisikii, nasikia. Nilianza kusoma habari redioni enzi zile askari alipokuwa anakaa studio, bunduki magotini, akisubiri nitamke neno ambalo hata yeye hakuambiwa ni lipi. Siku hizi askari haji. Inakuja simu, ya upole kabisa, kumuuliza mhariri hali ya watoto wake. Hakuna aliyeuzima uhuru wetu. Umepunguzwa sauti kidogo kidogo, kama redio ya nyumba yenye mgonjwa, mpaka sisi wenyewe tumezoea kunong'ona.

Mhariri wetu tunamwita Breki. Si mtu mbaya, ila habari yoyote ikishika kasi, mguu wake uko chini. Ripoti yangu ya tangi ilikuwa fupi: limezinduliwa, maji hayafiki, wakazi wanauliza kwa nini. Jioni aliikubali, tukarusha kionjo, lile tangazo dogo la kuwatia wasikilizaji hamu: "Kesho saa moja asubuhi: tangi limefunguliwa, je, maji yako wapi?" Asubuhi akaingia studio, akaifunika karatasi yangu kwa kiganja.

"Bibi Maswali, ile ya tangi tuiweke kwanza."

"Tuiweke wapi? Kwenye friji?"

"Tuiache iive."

"Imeiva, Breki. Sasa inaungua."

Hakucheka. Saa moja nikawasomea watu habari ya maonyesho ya maua.

Saa tatu Wizara ikapiga simu. Walikuwa na kanusho, na kwa sheria ya haki ya kujibu tulitakiwa kulirusha lote, bila kupunguza neno, katika taarifa ya saa saba mchana. Sheria hiyo waliipigania wao wenyewe, na kituo kinachothubutu kukata hata neno moja hufungiwa. Nilicheka mpaka nikashika meza. Walikuwa wamesikia kionjo, wakakesha wakijiandaa kukanusha, na asubuhi hakuna hata mmoja aliyefungua redio kuhakikisha kama habari yenyewe imesomwa.

"Breki, wanakanusha nini? Hatukusema kitu."

"Limetoka Wizarani?"

"Ndiyo."

"Basi ni salama. Rusha."

Aliyekuja kulisoma alikuwa msemaji wa Wizara, na huyo msemaji ni mwanangu. Ni mtoto wa marehemu dada yangu, nimemlea tangu hajang'oa jino. Nyumbani tunamwita Kimya kwa sababu alichelewa sana kuongea, na ukoo mzima mpaka leo haujaacha kuishangaa kazi aliyoipata. Mimi niliyemfundisha kushika maikrofoni namwita kasuku wa Wizara, kila Jumapili, akija kula kwangu na mkewe na kichanga chao. Yeye hucheka tu, akaongeza mchuzi.

Siku hiyo hatukutaniana. Alikuja na afisa itifaki, mwanamume mwenye viatu vinavyolia, ambaye alijitupa kwenye kochi la korido chini ya spika. Spika hiyo hutoa kila kinachosemwa kwenye maikrofoni. Kimya akaingia chumba cha kurekodia, akavaa hedifoni, akainyoosha tai yake. Mimi nikakaa kwenye mitambo, upande huu wa kioo.

"Tupime sauti," nikasema. "Taja jina na kazi yako."

Akataja jina lake. "Kazi, msemaji wa Wizara."

Sauti ilikuwa sawa. Nikamwashia taa nyekundu, akaanza. "Wizara inakanusha vikali kwamba tangi jipya halitoi maji." Kawaida yao hiyo. Nilikuwa naanza kupiga miayo. "Si kweli kwamba tangi hilo lilijazwa kwa malori usiku wa kuamkia uzinduzi. Aidha, si kweli kwamba bomba kuu la kutoka mtoni halijaunganishwa mpaka sasa."

Miayo ikakatika. Malori? Nani alisema habari ya malori? Nilikuwa nimewauliza mainjinia, nimemuuliza mlinzi wa tangi, kidogo nimuulize na mbwa wake, na hakuna aliyenipa hata nusu ya jibu. Sasa jibu lote lilikuwa linasomwa mbele yangu, limevalishwa "si kweli" kama kofia. Kule korido afisa itifaki alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika.

Makanusho ya Wizara huyaandika Kimya mwenyewe. Waziri huyatia saini garini, jicho moja kwenye simu. Na somo la kwanza nililompa kijana huyu, kwenye meza ileile, lilikuwa hili: kanusha ulichoulizwa tu, kwa sababu ukikanusha usichoulizwa umetoa habari. Ama alikuwa amelisahau somo, ama alikuwa amelikumbuka. Kama amesahau, nilikuwa na wajibu wa kumwokoa. Kama amekumbuka, jioni hiyo hatakuwa na kazi, na nyumbani ana mtoto ambaye hata kukaa hajajua.

Kwenye mitambo yangu kuna kitufe ninachokipenda kuliko vyote. Ukikibonyeza, unasikika kwenye hedifoni za aliye ndani tu, si korido wala popote. Nikakibonyeza.

"Kimya, mwanangu. Ile habari haikusomwa. Hakuna mtu yeyote aliyetaja malori. Sema kifua kimebana, na mimi nitasema mitambo imegoma, urudi ukaandike upya. Umenielewa?"

Hakuweza kunijibu bila korido kusikia. Aliniangalia tu kupitia kioo. Uso ule nimeuosha mimi, nimeupaka mafuta, nimeukagua kila homa ilipoupitia, na bado sikuweza kuusoma. Kisha akasogea kwenye maikrofoni.

"Mama, naomba nirudie kuanzia sentensi ya pili. Nadhani niliisoma haraka."

Akairudia. Safari hii aliisoma polepole, vile nilivyomfundisha, kama mtu anayemsomea bibi yake maelezo ya dawa. Alipofika kwenye malori akatulia kidogo, neno lienee, ndipo akaendelea na bomba kuu. Niliogopa, na hapohapo nikatamani kupiga vigelegele.

"Hiyo ya pili imetulia zaidi," afisa itifaki akasema akichungulia mlangoni. "Tumieni hiyo."

Saa saba ilipokaribia nilikuwa peke yangu na ile rekodi. Kuifuta ni kubonyeza mara moja, na mitambo yetu ilivyochoka hakuna ambaye angeshangaa. Nilimfikiria mkewe akinyonyesha kwenye kochi langu. Umama wangu uliniambia futa. Lakini mtu alikuwa amesema, akapewa nafasi ya kukimbia, akarudia kusema. Nimelalamika maisha yangu yote kwamba wananiziba mdomo, leo nimzibe wa kwangu mwenyewe kwa kisingizio cha kumpenda? Nikarusha.

Simu zilianza kabla taarifa haijaisha. Malori gani? Mwenye duka la chini ya kilima alikumbuka usiku ambao chupa zilicheza kwenye rafu mpaka akadhani ardhi inatetemeka. Dereva mmoja, aliyeomba asitajwe, alisema alipandisha maji kule akiambiwa ni ya ujenzi. Breki alisimama katikati ya chumba, mikono kichwani.

"Lakini limetoka Wizarani!"

"Ndiyo, Breki. Ni salama."

Jioni Kimya akabisha hodi kwangu. Hakuwa na tai, na gari la ofisi halikuwepo. Nilikuwa nimepanga kumkumbatia, badala yake hasira zikatangulia.

"Una mtoto mchanga wewe! Kwa nini hukuniambia mimi? Mimi mzee, wangenifanya nini?"

"Ungeniuliza, ningekwambia."

"Unasemaje?"

"Mama mdogo, wewe ungeuliza hata jiwe. Tangu siku ya uzinduzi, kila Jumapili nilikuwa nakuja hapa nikisema leo ataniuliza maji yalitoka wapi. Unaniita kasuku, tunacheka, naondoka. Hujaniuliza hata mara moja."

Ilinichoma, tena pabaya. Jibu langu lilikuwa linakula mezani kwangu wiki baada ya wiki, na mimi nilikuwa nalikaribisha mchuzi. Niliamini kwamba mtu akishakuwa msemaji wao, ndani yake hakuna tena wa kuulizwa. Machozi yalinitoka, na sikuyaficha.

Alinisubiri nimalize, kama nilivyokuwa namsubiri yeye utotoni atafute neno. Nikaenda chumbani, nikarudi na kinasa sauti, nikakiweka mezani kati yetu.

"Nikiwasha hiki, hakuna kurudi nyuma."

"Washa."

Nikawasha. Sauti yangu ilitetemeka, mimi niliyesoma habari mbele ya bunduki.

"Taja jina na kazi yako."

Akataja jina lile alilopewa na dada yangu, lote, taratibu.

"Kazi sina," akasema, akavuta kiti karibu. "Uliza."